Kuosha na Kuogesha: Suala la Mbwa Achukiaye Maji

Kiswahili kina namna yake ya kupima hiari ya yule anayesafishwa. Vyombo huoshwa, kwani havina la kusema. Maiti huoshwa, kwani lake la kusema limekwisha. Mtoto mchanga huogeshwa, na ng'ombe nao huogeshwa wapitishwapo joshoni. Kuoga ni tendo la mtu kwa nafsi yake. Kuogesha ni kumfanya mwingine aoge, yaani yule amwagiwaye maji bado ana fungu lake katika tendo, hata kama fungu lenyewe ni kulia na kurusha miguu. Mazungumzo ya kila siku hayaushiki mpaka huu kwa ukali, na katika mitaa ya Unguja neno kukosha hubeba maana zote mbili. Hata hivyo mpaka upo, na atakaye kujua mbwa ana nafasi gani mbele ya bwana wake angefanya vyema kuanzia hapo. Je, mbwa huoshwa au huogeshwa?

Swali laweza kuonekana dogo, tena la kuchekesha, katika visiwa ambavyo nyumba nyingi hazimruhusu mbwa kuvuka kizingiti. Lakini mbwa wapo. Kusini mwa Unguja wasasi huingia vichakani na mbwa wao kuwawinda nguruwe mwitu waharibuo mihogo na viazi. Kwenye mashamba na maghala mbwa hulinda usiku kucha. Mbwa wa msasi arudipo jioni huwa na tope tumboni, miiba baina ya vidole na kupe ndani ya masikio. Bwana wake akichukua ndoo, mbwa amekwisha kujua: masikio yanalala nyuma, mkia unafichwa, na mara haonekani tena. Hapo bwana ana njia tatu. Anaweza kumkamata kwa nguvu, anaweza kumwacha alivyo, au anaweza kushika njia ya tatu, ambayo ni ndefu na yataka subira. Hoja ya makala haya ni kwamba ya tatu peke yake ndiyo inayostahili kuitwa usafi; nyingine mbili ni sura mbili za uzembe mmoja.

Kabla ya kufika huko, hapana budi kulitazama neno ambalo kwa msomaji wa mwambao hutangulia mengine yote: najisi. Waislamu wengi wa pwani hii hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi ya dhati, tena najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wafuasi wa Imamu Malik humwona mbwa aliye hai kuwa tohara, na kuosha chombo mara saba kwao ni utiifu kwa amri, si kuondoa najisi. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa husema najisi ni mate yake, si mwili wake. Wanavyuoni wamekhitilafiana hivyo kwa karne nyingi, na si hapa mahali pa kuamua baina yao. Tuchukue rai iliyo nzito kuliko zote, ile ya Kishafii, tuone inatufikisha wapi.

Ndani ya rai hiyo kuna mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza ni kwamba najisi huhama kwa majimaji. Nguo kavu ikigusana na manyoya makavu ya mbwa, nguo hiyo haikunajisika. La pili ni kwamba kilicho najisi kwa dhati yake hakitoharishwi kwa kuoshwa. Nguo iliyopatwa na mkojo huoshwa ikawa tohara, kwa kuwa najisi iliijia kutoka nje. Mbwa, kwa rai hii, ataoshwa leo na kesho na hukumu yake haitabadilika. Saadi wa Shiraz, katika Gulistan aliyoimaliza mwaka 1258, alimchukua mbwa aoshwaye kuwa mfano wa asili ambayo malezi hayaigeuzi. Kwa Saadi ulikuwa mfano wa kukatisha tamaa. Waweza kusomwa kwa namna nyingine.

Yakiunganishwa mambo hayo mawili, natija yake ni ya ajabu. Msasi wa Kishafii na mbwa wake wakiwa wakavu, msasi aweza kumpitishia mkono mgongoni kisha aende msikitini. Akimmwagia maji, mikono yake, kanzu yake na sakafu aliyosimama vyote vimeingia katika hesabu ya saba. Mbwa hakuongezewa tohara hata chembe, na bwana amepoteza yake. Kwa mizani ya tohara, basi, kumwogesha mbwa ni hasara tupu kwa mwogeshaji. Kwa nini mtu mwenye akili zake afanye biashara ya namna hiyo? Inabaki sababu moja tu yenye uzito: kwamba maji yale ni kwa faida ya mbwa mwenyewe. Fiqhi iliyodhaniwa kuwa kikwazo ndiyo iliyolisafisha swali. Imeondoa kisingizio cha kwamba mbwa anasafishwa ili sisi tuwe safi, na imemwacha mtu uso kwa uso na haja ya mnyama.

Haja hiyo ni ipi? Hapa inafaa kuuliza mwili wa mbwa wenyewe, kwani mwili wake si wetu. Mbwa hatokwi na jasho mwili mzima kama mtu. Tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyayo, na joto hulipunguza kwa kutweta. Ngozi yake hutoa mafuta yanayoyalinda manyoya na kuzuia ukavu. Ngozi ya binadamu ina asidi zaidi. Ya mbwa hukaribia hali ya kati, isiyo asidi wala alkali. Kwa hiyo sabuni ya kuogea watu, seuze ile ya unga ya kufulia, humkausha na kumwasha, naye akajikuna mpaka akatoa vidonda. Mbwa mwenye afya hahitaji kuogeshwa kila wiki. Wengi hutosheka na mara moja kwa mwezi au hata kwa miezi kadhaa. Tope likikauka huanguka lenyewe au huondoka kwa brashi.

Ama harufu, hilo ni shauri la pua. Vipokezi vya harufu katika pua ya mbwa huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni, ilhali vya binadamu ni milioni chache tu. Sabuni inayomnukia bwana wake kama asumini kwa mbwa ni kelele isiyonyamaza. Ndiyo maana akiachiwa tu hukimbilia mchangani kugaagaa, na akibahatika kumpata samaki aliyeoza pwani hujipaka shingo nzima. Kwa fahamu zake hajichafui. Punda naye hugaagaa vumbini na paka hujiramba. Kila kiumbe kina josho lake, na letu si kipimo cha yote.

Upo lakini uchafu ambao ni adui wa mbwa kwa dhati, hata yeye mwenyewe asipojua. Kupe wa mbwa hubeba vimelea vinavyoishambulia damu, na mbwa aliyeambukizwa hudhoofika, huacha kula, na wengine hutokwa damu puani. Viroboto humnyima usingizi. Funza huingia nyayoni. Kidonda kidogo, katika joto na unyevu wa masika, hugeuka mara moja kuwa makao ya mabuu ya inzi. Na katika haya yote, ndoo ya maji si dawa peke yake. Kupe hazami kwa ndoo; hukamatwa karibu na ngozi akavutwa taratibu, na dawa sahihi huulizwa kwa daktari wa mifugo. Wapo wanaomwagia mbwa dawa ya josho kwa kipimo walichokikisia. Dawa hiyo imepimiwa ng'ombe. Mbwa hujiramba, na alichopakwa kwenye manyoya kikaingia tumboni. Aliyetaka kumwokoa na kupe akamwua kwa sumu. Kumbe mara nyingi maji ambayo mbwa anayakimbia siyo anayoyahitaji, na anachokihitaji, yaani mkono wenye kutafuta kupe kwa utulivu, hakipati kwa sababu mkono ule umekwisha kumtisha kwa maji.

Sasa tuje kwenye njia ya nguvu. Wanaoitetea husema: huyu ni mnyama, hajui jema lake, mfunge, mmwagie, dakika tano yamekwisha. Wana sehemu ya haki. Mbwa aliyemwagikiwa na oili chafu au rangi hawezi kungojewa mpaka aridhie, kwani akijiramba atadhurika. Siku hiyo watu wawili humshika, mmoja akamsafisha upesi, na hapana wa kulaumiwa. Lakini dharura haiwi kanuni. Mbwa anayeogopa ndoo ana sababu zake, na zikichunguzwa si za kijinga. Sakafu ya saruji ikilowa huteleza, na mnyama wa miguu minne asiye na pa kushika huona ardhi imemsaliti. Tundu la sikio lake huteremka kisha likapinda kuelekea ndani, hivyo maji yaingiayo humo hukaa, na yakikaa huzaa maumivu. Maji ya kisima ni baridi. Kamba inakaza shingo, na sauti aijuayo kwa upole sasa inafoka. Angekuwa mtu, tungesema amepatwa na hofu ya haki.

Dakika tano zile, tena, hazimaliziki kwa dakika tano. Mbwa hukumbuka mkono. Aliyekamatwa kwa hila ya chakula, safari ya pili hatakuja aitwapo kwa chakula. Atalala mbali, na kupe watanona mbali vilevile. Akibanwa pembeni ataweza kung'ata, na mbwa akishang'ata huhukumiwa yeye, wala haulizwi aliyembana. Nguvu, basi, inalipia usafi wa leo kwa uchafu wa miezi ijayo.

Njia ya pili, ya kumwacha, hujivika vazi la heshima zaidi. Husemwa: mbwa ni kiumbe wa Mungu, aliumbwa bila ndoo wala sabuni, tumwache kama alivyo. Maneno haya yangefaa kwa mbwa koko wa ufukweni, ambaye huchagua kivuli chake, mchanga wake na wakati wake wa kuingia majini. Hayamfai mbwa aliyefungwa kwenye mwembe kwa kamba ya pima moja, anayelala pale pale anapojisaidia. Huyo uchafu wake haukutoka katika maumbile, umetoka katika kamba. Aliyeifupisha dunia ya mnyama amejitwika kazi ambazo dunia hiyo ingemfanyia. Mpaka alegeze kamba au achukue kitambaa, hana haki ya kutaja maumbile.

Na hapa ndipo neno najisi hutumiwa vibaya. Mtu humweka mbwa kwa faida yake, alindiwe shamba au mali, jambo ambalo dini yenyewe imeliruhusu. Kisha masikio ya mbwa yakijaa kupe husema hawezi kumgusa kwa kuwa ni najisi. Alimgusa alipomfunga kamba. Najisi ni hukumu ya namna ya kujitoharisha baada ya kugusa, si cheti cha kumsamehe mtu wajibu. Wala si dhambi ya mbwa. Kila aliyepitia madrasa amesikia hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakibana kwa meno ili mikono iwe huru kupanda, akamnywesha; na Mwenyezi Mungu akaikubali kazi yake na kumsamehe. Hadithi husimuliwa kwa ajili ya maji, lakini kiatu nacho kinastahili kutazamwa. Ni kiatu cha mtu msafiri, alikitia kinywani mwake mwenyewe, kwa ajili ya mnyama ambaye watu humtenga. Kisa hakisemi kwamba alisita. Rehema haikungoja mpaka apatikane mwenye kiu aliye tohara.

Inabaki njia ya tatu. Kanuni yake waliiacha wahenga katika methali ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuhusu matumaini: mbwa hafi maji akiona ufuko. Tuitwae safari hii kwa maana yake ya juu juu, kama habari ya mbwa na maji. Ni jambo la kushangaza kwamba mbwa yule yule anayejificha akiona ndoo aweza kuwafuata watoto hadi baharini, akaingia mpaka kifuani, akatoka, akajitikisa, akarudi tena. Maji ni mengi kuliko ya ndoo elfu, tena yana mawimbi. Tofauti ni kwamba baharini anauona ufuko. Anajua wapi pa kutokea, na ametoka mara nyingi bila kuzuiwa. Pembe ya ua, kamba fupi na ndoo havina ufuko. Kinachomtisha mbwa katika kuoga si maji hasa, ni kutokuwa na pa kutokea.

Mwenye kulielewa hili huanza mbali na maji. Humgusa mbwa sikio moja, akampa kipande cha dagaa, akamwachia. Kesho humgusa sikio, kisha mguu. Baada ya siku kadhaa huleta kitambaa chenye unyevu kidogo tu, akapangusa wayo mmoja, akatosheka na huo mmoja. Ndoo huwekwa tupu karibu na pale mbwa anapolia chakula, ikae mpaka iwe kitu cha kawaida kama kinu. Siku ya maji ikifika, gunia hutandikwa chini ili miguu isiteleze. Maji huwa ya vuguvugu, humiminwa kwa kata kuanzia miguuni kwenda mgongoni. Kichwa hakimwagiwi, hupanguswa. Sabuni huwa ile iliyotengenezewa mbwa, nayo husuuzwa mpaka iishe. Asiyetaka mikono yake iguse majimaji huvaa glavu. Mbwa apendaye bahari huachiwa aende, akirudi akasuuzwa chumvi kwa maji baridi ya kisima au ya bomba, na akapewa ya kunywa kabla hajashawishika kunywa ya bahari. Na katika kila hatua, mbwa akigeuza uso na kutaka kuondoka, huachwa aondoke. Huo ndio ufuko wake. Atakayeruhusiwa kuondoka mara kumi, mara ya kumi na moja hukaa.

Mtu wa haraka atauliza kama mbwa anastahili kutumiwa wiki tatu. Jibu haliko kwa mbwa peke yake. Wahenga walisema pia kwamba muosha huoshwa. Methali hii ilizaliwa kwenye shughuli ya maiti, na yatukumbusha kwamba aliyeshika kata leo atalazwa kesho. Lakini baina ya leo na kesho hiyo kuna kipindi ambacho methali haikukitaja, nacho huwafika wengi: siku za ugonjwa na uzee, ambapo mtu angali hai, angali na haya yake na hofu yake ya maji ya baridi, lakini kata imo mkononi mwa mwingine. Si kumlinganisha mzee na mbwa, hasha. Mzee ana hadhi na haki ambazo mnyama hana. Kinacholinganishwa ni mkono. Mkono uliozoea kudhani kwamba asiyeweza kusema hana la kusema hauwezi kubadilika ghafla siku ya kumwinua mama kitandani. Na mkono uliojifunza kungoja mbele ya kiumbe asiyemshukuru mtu, asiyemsifu mbele ya majirani, wala asiyeweza kumsemea mahali popote, umejifunza mahali pagumu.

Sheria ya kuosha maiti yaeleza jambo hili kwa uwazi kuliko falsafa. Mwenye kuosha huamriwa upole, amsitiri maiti kwa nguo, asiminye kwa nguvu, asitoke nje kwenda kusimulia aibu aliyoiona. Maiti hasikii baridi kwa namna tuijuayo, hakimbii, hang'ati. Ikiwa asiyeweza kukataa amewekewa adabu zote hizo, yule anayekataa kwa mwili mzima angalau asikilizwe kwa nini anakataa.

Kwa hiyo swali la mwanzo lina jibu, na jibu halimo katika kamusi. Mbwa huoshwa na mtu anayemfanya chombo, na huogeshwa na mtu anayemwachia fungu lake katika tendo. Maji ni yale yale na ndoo ni ile ile. Kilicho tofauti ni kama mlango wa ua umeachwa wazi.

Msasi akishamaliza, mbwa huenda zake kujikausha juani, pengine kugaagaa tena mchangani, bila shukrani yoyote. Yeye hubaki na kanzu iliyolowa. Huchota udongo safi, akauchanganya na maji, akasugua mikono hadi viwikoni; kisha akamimina maji matupu, mara ya pili, ya tatu, mpaka zitimie saba. Hakuna aliyemlazimisha kulipa bei hiyo. Aliijua kabla hajashika kata.